Maji ya Ua Yaelekee Wapi? Michoro ya Kompyuta na Kazi ya Kusawazisha Nyua na Maegesho ya Magari

Mvua za masika zinapokaribia, kuna nyumba Mombasa ambazo wenyewe huanza kupandisha magodoro juu ya meza. Paa halivuji. Tatizo ni ua uliowekwa kabro mwaka jana, ukapendeza, ukapigwa na picha, kumbe umelala kuelekea mlangoni. Mvua ya nusu saa ikinyesha, maji ya ua mzima yanaingia sebuleni kupitia chini ya mlango. Kwa jirani wa upande wa chini hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji hayo yanamfikia yakiwa yamebeba mchanga, mafuta ya magari na, pale shimo la choo lilipofurika, uchafu unaoweza kuingia kisimani.

Aghalabu kosa hufanyika kabla ya kabro ya kwanza kuwekwa. Mwenye nyumba huuliza, "Fundi, maji yatapita wapi?" Fundi hujibu, "Usijali mama, maji hujua njia yake." Na kweli maji yanaijua njia. Yanakwenda palipo chini, na kama palipo chini ni sebule, huko ndiko yatakakokwenda.

Makala haya yanaeleza jinsi wahandisi wanavyotumia programu za kompyuta kupanga miteremko ya nyua, njia za kuingilia magari na maegesho, na namna mkaazi asiyejua kutumia programu hizo anavyoweza kuusoma mchoro na kuuliza maswali yanayofaa kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Uzito wa maji

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Hesabu hii ni rahisi, na ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata.

Eneo la kuegesha magari 40, pamoja na njia za kupitia, huchukua takriban meta 1,000 za mraba. Mvua kubwa inayonyesha kwa kasi ya milimita 60 kwa saa ni milimita 1 kila dakika. Kwa hiyo eneo hilo hupokea lita 1,000 kila dakika, yaani majerikeni 50 ya lita 20, na dakika inayofuata mengine 50. Ardhi ya mchanga yenye nyasi na miti hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Likishawekwa lami au zege, karibu maji yote hutiririka.

Bomba la inchi 4, ambalo ndilo huonekana katika miradi mingi midogo, likiwekwa kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila meta hupitisha kama lita 5 au 6 kwa sekunde likiwa limejaa. Maegesho hayo ya magari 40 yanahitaji karibu lita 17 kwa sekunde. Theluthi mbili ya maji basi hayana pa kwenda, na hata bomba likisafishwa kila siku, hesabu haibadiliki.

Asilimia 2 ni nini?

Mteremko hutajwa kwa asilimia. Asilimia 2 maana yake ni kwamba ardhi inashuka sentimita 2 kwa kila meta 1. Kwa macho ni vigumu kuuona. Mtu akisimama katikati ya ua wenye mteremko huo atasema pamelala sawa, na hapo ndipo makosa huanza, kwa sababu fundi anayetegemea jicho hawezi kutofautisha asilimia 2 inayokwenda barabarani na asilimia 2 inayorudi nyumbani.

Lami hutaka angalau asilimia 1 ili maji yasisimame. Kabro hutaka zaidi, kama asilimia 2 hadi 2.5, kwa kuwa uso wake una mianya mingi na huzama kidogo baada ya muda. Kwa upande wa juu, sehemu ya kuegesha haifai kupita asilimia 5. Zaidi ya hapo mlango wa gari hujifunga wenyewe au kufunguka kwa nguvu, na mtu anayeshusha mizigo au mtoto hupata taabu. Nafasi ya gari la mtu mwenye ulemavu inapaswa kuwa karibu tambarare, isizidi asilimia 2 upande wowote, maana kiti cha magurudumu hakimngojei mwenyewe ashuke. Kikipata mteremko kinaondoka. Mahali penye njia ya mteremko ya kupandia kwenye jengo, kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kupanda sentimita 50 kunahitaji urefu wa meta 6. Njia fupi zilizosimama kama ngazi, zinazoonekana mbele ya maduka mengi, hazimsaidii mtu yeyote.

Njia ya gari ya kuingia nyumbani inaweza kuwa kali zaidi, hata kufikia asilimia 15 katika sehemu zenye vilima kama Changamwe na Miritini. Lakini mteremko mkali ukikutana ghafla na barabara tambarare, gari la chini hukwaruza tumbo au pua. Kwa hiyo mhandisi huweka kipande cha meta chache chenye nusu ya mteremko juu na chini, ili gari lipinde polepole.

Programu inafanya kazi gani hasa

Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Civil 3D ya kampuni ya Autodesk. Zipo nyingine, na hata QGIS, ambayo haina malipo, inaweza kuchora ardhi na kuonyesha maji yanaelekea wapi, ingawa haikutengenezwa kwa kuchora kingo za barabara na mitaro. Jina la programu si muhimu sana kwa mkaazi. La muhimu ni hatua zake, kwa sababu hatua moja ikirukwa mchoro unaweza kuwa mzuri wa rangi na wa uongo.

Kazi huanzia shambani. Mpima ardhi huja na kifaa cha elektroniki kinachosimama juu ya miguu mitatu, au kipokezi cha satelaiti, na kupima nukta nyingi: pembe za ploti, ukingo wa barabara, chini ya mtaro, vifuniko vya chemba, mzizi wa mwembe, sakafu ya nyumba. Kila nukta hupewa namba, mahali pake na urefu wake juu ya usawa wa bahari. Hapa Mombasa wakaazi wana fahari kidogo ya kujivunia: viwango vya urefu wa ardhi nchini Kenya vimefungamanishwa na usawa wa bahari uliopimwa bandarini Kilindini.

Nukta zikishaingizwa kwenye kompyuta, programu huziunganisha kwa mistari na kufanya wavu wa pembetatu. Wavu huo ndio unaowakilisha ardhi ilivyo. Hapa pana mtego unaowanasa hata wenye vyeti. Kompyuta haijui kwamba kati ya nukta mbili kuna ukuta au ukingo wa barabara ulioinuka sentimita 15. Ikiachwa yenyewe, itavuta pembetatu kutoka juu ya ukuta hadi katikati ya barabara na kuonyesha mteremko laini mahali ambapo kwa hakika pana kipenu. Mhandisi anapaswa kuchora mistari ya kukatiza kwenye kila ukingo, ukuta na mtaro, ili pembetatu zisiivuke. Mchoro ambao kontua zake zinapita juu ya ukuta kana kwamba ukuta haupo ulitengenezwa kwa haraka.

Baada ya hapo mhandisi huchora ardhi itakavyokuwa. Huweka mistari yenye viwango: ukingo wa ua, mstari wa mtaro, mstari wa mlango. Kila mstari hupewa urefu mwanzoni, mwishoni na kwenye kona, kisha programu hujaza sehemu ya katikati. Akibadilisha kiwango cha kona moja, ua mzima hujichora upya papo hapo, pamoja na kiasi cha udongo wa kuchimba na wa kujaza. Uwezo huu ndio unaohalalisha gharama. Zamani kubadilisha wazo kulimaanisha siku nzima ya hesabu kwa mkono. Siku hizi mhandisi anaweza kujaribu njia tano kabla ya chakula cha mchana na kuona ipi inachimba kidogo.

Programu pia ina zana ya kudondosha tone la maji. Mhandisi hubofya mahali popote juu ya ua, na programu huchora njia ambayo tone litafuata mpaka litoke au likwame. Matone yote yanapokwama sehemu moja isiyo na bomba, dimbwi limeonekana kwenye kioo kabla ya kuonekana uani.

Mfano wa ua mmoja

Chukulia nyumba iliyo kwenye ploti ya hamsini kwa mia upande wa Kisauni. Mbele yake pana ua wa meta 12 kwa meta 10, yaani meta 120 za mraba, unaotakiwa kuwekwa kabro. Sakafu ya nyumba iko kwenye kiwango cha 12.60. Ukingo wa barabara uko 12.40. Ardhi ya ua ilivyo sasa iko kwa wastani 12.30, na penye mlango imeshuka mpaka 12.28. Barabara iko juu ya ua. Hali hii ni ya kawaida, maana kila barabara inapoongezewa tabaka jipya la lami huinuka, na ploti hubaki pale pale.

Fundi akifuata ardhi ilivyo, maji ya barabarani yataingia na ya uani hayatatoka. Akiamua kuteremsha ua wote kutoka mlangoni hadi barabarani, hesabu inamkatalia: uso wa kabro mlangoni unapaswa kuwa angalau sentimita 15 chini ya sakafu, yaani 12.45, na barabara iko 12.40. Sentimita 5 kwa meta 10 ni nusu asilimia tu. Maji yatasimama.

Jibu mojawapo ni kuufanya ua uwe kama bonde jembamba. Kutoka mlangoni, kabro zinashuka asilimia 2 kwa meta 6, kutoka 12.45 hadi 12.33. Hapo unapita mtaro mwembamba wenye wavu wa chuma, sambamba na nyumba. Upande wa pili kabro zinapanda kwa meta 4 mpaka kwenye kizingiti cha geti, nacho kinawekwa 12.45, sentimita 5 juu ya barabara. Kizingiti hicho kinazuia maji ya barabarani yasiingie, na gari linakipita bila kukihisi.

Sasa mtaro. Uso wake wa juu unabaki 12.33 urefu wote ili ua usipinde upande, lakini sakafu yake ya ndani inateremka asilimia 1. Ukianza na kina cha sentimita 15, baada ya meta 12 una kina cha sentimita 27, na sehemu ya kutokea maji iko kwenye kiwango cha 12.06. Swali linalofuata ndilo linaloamua kama kazi itafaulu: je, sakafu ya mtaro wa barabara iko chini ya 12.06? Kama iko 12.20, maji hayatapanda mlima. Programu itaonyesha jambo hilo kwa sekunde moja, ikiwa tu mpima ardhi aliteremka mtaroni na kupima sakafu yake. Wengi hupima ukingo wa juu tu, kwa sababu chini pana matope.

Mtaro wa barabara ukiwa juu mno, linabaki shimo la kunyonya maji ndani ya ploti. Hapa ardhi ndiyo inayosema. Sehemu zenye mchanga na mwamba wa matumbawe, kama Nyali na kisiwani, hunywa maji vizuri. Udongo mfinyanzi wa upande wa Changamwe na Miritini hunywa polepole sana, na shimo hujaa likabaki limejaa. Njia ya kujua ni kuchimba shimo dogo, kulijaza maji na kutazama yanashuka kiasi gani kwa saa. Shimo hilo lisiwe karibu na kisima wala na shimo la choo. Afisa wa afya ya umma wa eneo husika anafaa kuulizwa kabla ya kuchimba.

Kiasi cha maji kinahitaji kuhesabiwa pia. Ua wa meta 120 za mraba katika ile mvua ya milimita 1 kwa dakika hutoa lita 2 kwa sekunde, ambazo bomba la inchi 4 linaweza. Lakini paa la nyumba la meta 180 za mraba likimwaga maji yake hapo hapo uani, jumla inakuwa lita 5 kwa sekunde, na bomba linakaribia kushindwa. Mhandisi aliyesahau paa amehesabu chini ya nusu ya maji. Tangi la kuvunia maji ya paa hupunguza mzigo huo, na katika mji wenye shida ya maji ya mfereji, si jambo la kubembelezana.

Kuchimba ili kuinua

Katika mfano huo huo kuna jambo linalowagharimu watu pesa nyingi. Ua uko 12.30 kwa wastani na uso mpya utakuwa 12.39 kwa wastani. Mwenye nyumba anaona kwamba ua unainuka sentimita 9, anaagiza muramu, malori mawili. Lakini 12.39 ni uso wa kabro. Chini yake pana kabro yenyewe ya sentimita 6, mchanga wa sentimita 4 na tabaka la mawe yaliyoshindiliwa la sentimita 15. Jumla sentimita 25. Kazi ya udongo basi inaishia 12.14, sentimita 16 chini ya ardhi ilivyo. Ua unainuka, lakini lazima uchimbwe.

Meta 120 za mraba mara sentimita 16 ni karibu meta 19 za ujazo za udongo wa kuondoa. Udongo ukishachimbwa huvimba, kwa kawaida kama robo zaidi, hivyo ni meta 24 za ujazo, au safari 5 za lori la kubeba meta 5 za ujazo. Programu hutoa hesabu hii kwa kulinganisha nyuso mbili, lakini lazima mhandisi ailinganishe ardhi na sehemu ya chini ya kazi, si na uso wa juu. Mkaazi anayepewa hesabu ya udongo anaweza kuuliza swali moja tu: "Umetoa unene wa kabro na mawe?" Jibu litamwonyesha anazungumza na nani.

Kuna hila nyingine inayofaa kujulikana. Mteremko unapaswa kutengenezwa kwenye tabaka la mawe lililoshindiliwa. Mchanga wa chini ya kabro uwe na unene mmoja kila mahali. Fundi anayesawazisha makosa kwa kuongeza mchanga hapa na kupunguza pale atapata ua mzuri siku ya kukabidhi, na miezi sita baadaye sehemu zenye mchanga mwingi zitakuwa zimezama. Mchoro wa kompyuta hauwezi kulizuia hilo. Linazuiwa na mtu anayesimama hapo na levo mawe yanaposhindiliwa.

Je, ua wa nyumba moja unahitaji haya yote?

Kwa kweli, mara nyingi hauhitaji programu. Ua mdogo unaweza kupangwa kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani, fundi wawili na karatasi yenye viwango sita au saba. Mpira wa maji hausemi uongo mradi hauna mapovu. Kinachohitajika ni viwango vyenyewe viandikwe na vikubaliwe kabla ya kazi. Programu huanza kulipa gharama yake pale ambapo maji ya upande mmoja yanagusa upande mwingine: maegesho ya duka kubwa, uwanja wa shule, msikiti au kanisa lenye magari mengi, kituo cha afya, nyumba za kupangisha zenye ploti tatu zilizounganishwa, au njia ya gari kwenye kilima.

Kusoma mchoro bila kuwa mhandisi

Mchoro wa kusawazisha hufika kwa mkaazi kama karatasi kubwa au faili ya PDF. Una namba nyingi na mistari iliyopinda, na wengi huukunja na kuuweka kabatini. Lakini vitu vichache vyatosha.

Kwanza mishale. Kila mshale unaonyesha maji yanakoshuka, na kando yake pana asilimia. Mshale unaoelekea mlangoni ni kosa, isipokuwa mbele ya mlango huo pana mtaro. Mishale inayokutana mahali pasipo na chemba wala wavu ni dimbwi. Kisha sakafu ya nyumba, ambayo mara nyingi huandikwa herufi FFL na namba. Namba za ua zilizo karibu nayo ziwe ndogo kuliko hiyo. Kona nne za ua zikiwa na namba moja, ua huo ni tambarare na maji yatasimama, hata mchoro uwe na muhuri wa aina gani.

Kontua nazo ziangaliwe zimechorwa kila baada ya kiasi gani. Kontua za kila meta 1 zinafaa kwa mlima. Kwa maegesho hazionyeshi chochote, kwa kuwa ua mzima unaweza usifike tofauti ya meta 1. Kwa kazi hii ziwe za kila sentimita 5 au 10.

Halafu ukingo wa mchoro. Michoro mingi huishia kwenye bikoni za ploti, kana kwamba dunia inaishia hapo. Mchoro unaofaa huonyesha viwango vya jirani wa kila upande na vya mtaro wa barabara, na huonyesha mahali maji yanapoishia. Kama maji yanaishia kwenye ukuta wa jirani, mhandisi amehamisha tatizo tu, na jirani atakuja kulirudisha, pengine akiwa na wakili.

Yapo pia mambo ambayo kompyuta haiwezi kuyajua kamwe. Haijui kwamba mtaro wa barabara umejaa mifuko na chupa, kwamba jirani wa juu ana mpango wa kuweka zege mwaka ujao, wala kwamba chini ya geti pamepita bomba la maji la zamani. Mzee aliyeishi mtaa huo miaka 30 anajua maji ya mvua kubwa yalifika wapi, na alama ya matope kwenye ukuta wake ni kipimo kama kipimo kingine. Mhandisi mzuri humbishia hodi.

Sheria inasemaje

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, pamoja na barabara za kaunti na maegesho. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayetaka kuendeleza ardhi apate kwanza idhini ya kaunti, na kufanya hivyo bila idhini ni kosa. Mkaazi anayepanga kugeuza uwanja wake kuwa maegesho ya biashara anafaa kufika afisi ya mipango kabla ya kuagiza kabro, si baada ya kupata notisi.

Njia ya kuingilia gari inapotoka kwenye ploti hukatiza ardhi ya barabara, na ardhi hiyo si ya mwenye ploti. Kwa barabara kuu idhini hutoka kwa KeNHA, kwa barabara za mijini zilizo chini ya serikali ya kitaifa hutoka kwa KURA, na kwa barabara za kaunti ni kaunti yenyewe. Linalokatazwa zaidi, na linalofanywa zaidi, ni kufukia mtaro wa barabara kwa mawe ili gari lipite. Mtu mmoja akifukia meta 4 za mtaro, nyumba zote za upande wa juu hupata maji yake. Penye mtaro panapaswa kuwekwa kalvati yenye ukubwa unaolingana na mtaro, na sakafu yake iwe kwenye kiwango kile kile.

Mhandisi anayeweka saini kwenye mchoro anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya, na mwanakandarasi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mkaazi ana haki ya kuomba namba ya usajili na kuihakikisha. Aombe pia faili yenyewe ya kompyuta, si karatasi pekee, maana miaka mitano baadaye akitaka kuongeza chumba, mhandisi mwingine ataweza kuendelea hapo badala ya kupima upya kwa gharama nyingine.

Kabla ya malipo ya mwisho

Mkataba na fundi ubakishe sehemu ya malipo mpaka ua ujaribiwe. Jaribio lenyewe halihitaji kompyuta. Mpima ardhi anarudi na kupima nukta kama kumi juu ya kabro zilizokwisha kuwekwa, na namba hizo zinalinganishwa na za mchoro; tofauti ya sentimita 1 inavumilika, ya sentimita 4 haivumiliki. Kisha maji yanamwagwa kwenye kona zilizo juu, kwa mpira au kwa majerikeni, na watu wanasubiri nusu saa. Maji yaliyobaki yakiweza kufunika sarafu ya shilingi 10 iliyolazwa chini, sehemu hiyo inazungushiwa chaki, kabro zake zinang'olewa, tabaka la mawe la chini linarekebishwa na kushindiliwa upya, na jaribio linarudiwa siku nyingine mwenye nyumba akiwepo.